Nahodha wa Bi Mkubwa

Swali lake lilikuwa moja, na kila mgeni aliyekaa kwenye baraza ya mtaa wetu, huku Malindi ya Unguja, karibu na bandari, aliulizwa: "Chombo kikongwe kupita vyote ulichopata kupanda ni kipi?" Halafu hushika kikombe chake cha kahawa kwa vidole viwili akangoja, kwa raha ya mtu anayejua kuwa atashinda.

Mgeni wa kutoka bara alitaja kivuko cha kuvutwa kwa kamba, ng'ombe na watu pamoja. Mtumbatu mmoja alitaja mashua iliyomvusha bibi yake akiwa biharusi, na ikaja ikamvusha yeye kwenda hospitali miaka mingi baadaye. Mzee mwengine, aliyewahi kufanya kazi Mombasa, alitaja meli ya makaa iliyokuwa ikimwaga masizi juu ya nguo za abiria. Nahodha aliwasikiliza wote mpaka mwisho, hamkati mtu. Kisha akaanza za kwake.

"Mie nimefanya kazi kwenye meli iliyokuwa na kinanda katika chumba cha mabwana. Mchwa walikuwa washakila, limebaki ganda. Ukibonyeza, badala ya sauti hutoka vumbi." Watu hucheka. Yeye hungoja kicheko kiishe. "Na hiyo ilikuwa mtoto mbele ya Bi Mkubwa."

Nilikuwa nikikaanga bajia mlangoni kwangu, upande wa pili wa kichochoro, kwa hivyo hadithi hizo nilizisikia zote, na nyengine nilizisikia mara nyingi hata nikajua wapi atanyamaza ili watu wacheke. Jina lake nnalijua. Mtaani halikutumika, na mimi sitolitumia. Alikuwa Nahodha kwa mkewe, kwa imamu na kwa muuza samaki.

Bi Mkubwa ilikuwa meli ya abiria na mizigo iliyokwenda Pemba na kurudi. Ubavuni ilikuwa na jina jengine, lakini hakuna aliyelitaja. Watu waliiita Bi Mkubwa kwa uzee wake na kwa namna Nahodha alivyoihudumia, na mkewe akiulizwa habari za mumewe alijibu, "Muulizeni mke mwenzangu yuko gatini. Mie ndie bi mdogo." Nitamwita meli hiyo kama mtu, maana ndivyo tulivyozoea.

Alikuwa amejengwa nchi ya baridi, sijui ipi, na aliletwa kwetu akiwa tayari amechoshwa na watu wengine. Kwenye milango yake kulikuwa na maandishi ya huko kwao. Abiria wageni walitafuta choo wakafungua stoo ya kamba. Ndani, ukutani, mlipita mabomba ya kutia joto, na kwa kuwa huku hakuna aliyehitaji joto, wanawake wa Pemba walianikia hapo kanga zao zilizorowa. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi mpaka pembe zote zimeviringika, huwezi kujikwaruza popote. Sitahani tulitandika mikeka, tukakaa na magunia, na mbuzi, na makochi ya harusi, kila mtu na ndimu yake ya kunusa asitapike.

Kwenda Pemba kwa Bi Mkubwa kulichukua siku nzima. Wakati mwengine alisimama katikati ya safari, mtambo ukanyamaza, na fundi akapanda juu kuvuta pumzi. Abiria wakilalamika, Nahodha alishuka mwenyewe kutoka chumba cha usukani akiwa na kofia yake ya kiua. Ile kofia ya unahodha aliitundika msumarini na sikumwona kuivaa hata siku moja. Aliwaambia, "Mwenye haraka angezaliwa ndege," akaomba ndimu kwa yeyote aliye karibu, akainusa kama yeye naye ni abiria, akapanda juu tena.

Alingoja majeneza. Ikiwa kuna maiti inayopelekwa kwao Pemba kuzikwa, Bi Mkubwa haondoki mpaka watu wa maiti wafike, hata kama gari lao limekwama Darajani. Siku moja nilikuwemo mwenyewe, tumeshatoka gatini, mnara wa mwisho wa bandari uko nyuma yetu, mama mmoja akapiga ukelele kwamba mtoto wake mmoja amebaki. Alikuwa nao wengi, kila mmoja amebeba kitu, na katika kuwahesabu alikosea. Nahodha aliigeuza meli nzima. Mtoto tulimkuta gatini amekalia godoro la mama yake, hajalia bado. Baharia alimnyanyua yeye na godoro lake. Watu wa biashara walinung'unika, wana miadi yao, na Nahodha akapita kati yao akiuliza kwa upole, "Nani aliyeniambia nimwache? Nionyesheni." Hakuna aliyeonyesha kidole.

Lakini dua hakuzipenda. Nasema hivi na mtu huyo alikuwa hakosi msikitini. Bahari ikichafuka baada ya Nungwi, mwisho wa Unguja, pale mkondo unapokuwa mkali, abiria walianza kuomba kwa sauti, wanawake wakilia, na hapo ndipo ulipomwona amekasirika kweli. "Nani kakwambieni tunakufa? Ombeni riziki. Ombeni watoto wema. Msiombe kuokolewa, hamjazama!" Wakati ule niliona ni ushujaa. Tulijisikia wajinga, tukafuta machozi, na kweli tulifika.

Mtu huyo aliyegeuza meli kwa mtoto wa watu, wa kwake hakumpa nafasi ya kumaliza sentensi. Makame alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Alimtia kazini Bi Mkubwa akiwa kijana, akaanza kwa kufagia, akashuka chini kwa mafundi, akapanda mpaka akawa msaidizi wa baba yake. Kimya, mrefu, anacheka kwa macho. Alinunua bajia kwangu kila jioni akiwa Unguja, na akiona moto umekataa kuwaka huchuchumaa akaupuliza bila kuombwa.

Boti za kasi zilipoanza kwenda Pemba, vijana wengi wa Bi Mkubwa walihamia huko. Boti zilikuwa na viti vya kitambaa, televisheni, na zilifika kabla hamu ya kutapika haijakushika sawasawa. Nahodha aliziita mabasi. Makame naye akaitwa kazini huko. Niliyasikia mazungumzo yao asubuhi moja, kwa sababu kichochoro chetu ni chembamba na madirisha yanatazamana.

"Baba, wananitaka. Wanangoja jawabu."

"Nani?"

"Watu wa boti."

"Lile basi?"

"Ndio, hilo basi. Lina mitambo mipya, baba. Sisi tunakwenda na chuma cha kale, na wewe unajua."

"Maliza chai yako."

"Nkimaliza chai?"

"Ukimaliza, nenda kazini. Bi Mkubwa akikulisha tangu mdogo, leo unamwona mzee?"

Makame alimaliza chai. Akapita mlangoni kwangu, akanisalimia, akaenda gatini.

Watu wa ukaguzi walikuwa wakija, na maneno yakaanza kuwa meli ile ipumzishwe. Nahodha aliyachukua kama matusi ya nguoni. Barazani alipandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Mie nimemwendesha miaka yote hii. Kuna maiti hata mmoja niliyemshusha ambaye hakupanda akiwa maiti?" Watu wakasema hakuna. Ilikuwa kweli, hakuna. Na sisi tusio na uwezo wa boti tulimshukuru, kwani Bi Mkubwa akipumzishwa, mkeka wetu tutautandika wapi?

Siku yenyewe ilikuwa na upepo wa kusi. Mume wangu, Khamis, aliletewa habari kwamba ami yake amefariki Pemba, mazishi yanangojwa. Alifunga duka lake la useremala pale Mlandege, akaenda kutafuta boti. Boti haziendi, aliambiwa, bahari imechafuka. Bi Mkubwa anaondoka. Nahodha mwenyewe hakuwa safarini. Alikuwa kitandani na homa kwa siku kadhaa, na Makame ndiye atakayeendesha, kwa mara ya kwanza akiwa mkuu.

Khamis hakuwa mwoga. Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi. Nilivuka kichochoro nikapiga hodi kwa Nahodha. Mkewe akanifungulia, akanipeleka mpaka mlango wa chumba. Alikuwa amejifunika blanketi, ndevu hazijachongwa, macho mekundu.

"Shikamoo Nahodha. Pole na maradhi."

"Marahaba mwanangu. Nshapoa."

"Khamis anataka kwenda na Bi Mkubwa. Boti zimegoma. Nimekuja kukuuliza, bahari ikoje?"

Alilivuta blanketi mpaka kidevuni. Nilidhani ni homa. Kisha akasema, "Mwache aende akamzike ami yake. Bi Mkubwa ameona makubwa kuliko haya."

Nilirudi nikamwambia Khamis hayo hayo, neno kwa neno. Akacheka, akasema nimemsumbua mgonjwa bure. Nikamfungia mkate na bajia. Nilimtazama akipinda kona ya kichochoro, begi begani, anatembea upesi kama mtu anayechelewa.

Habari ilifika alasiri. Kwanza kwamba Bi Mkubwa ameinama. Baadaye kwamba haonekani. Wavuvi wa Nungwi walitoka na mashua zao, wakaokoa waliowaokoa. Sisi tulikwenda bandarini tukasimama. Magari yakaletwa, maiti zikashushwa, tukapita baina yao tukifunua shuka na kufunika. Khamis hakuwemo siku ile wala siku zilizofuata. Makame pia. Baharia mmoja aliyeokoka alisema maji yaliingia kutoka chini, pampu zikashindwa, na kwamba alimwona Makame mara ya mwisho akigawa maboya sitahani. Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Nahodha alikuja bandarini na homa yake, mkewe amemshika mkono. Watu walimpisha. Si kwa heshima, wala si kwa ubaya. Walisogea tu, ikabaki nafasi tupu kumzunguka, naye akasimama katikati ya nafasi ile mpaka jua lilipozama.

Wakaja watu wa kuuliza maswali. Aliwaambia alikuwa kitandani, na ilikuwa kweli. Wenye meli nao wakasema ya kwao. Mambo yakazungumzwa, yakaandikwa, yakatulia.

Mtaani hakuna aliyemtukana. Hata ningelieleza jambo hilo kwa mtu wa kwengine, sijui angelielewa vipi. Sisi tulifiwa, naye alifiwa na mwanawe. Angetukanwa kwa lipi? Kila asubuhi nikifungua mlango namkuta kwenye kizingiti chake, nami nasema, "Shikamoo Nahodha," naye anasema, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Miaka ikapita hivyo. Barazani aliendelea kukaa lakini hakumuuliza tena mgeni swali lake, na mgeni akianzisha mwenyewe habari za vyombo, wenyeji walimkanyaga mguu. Mkewe alikufa kwa ugonjwa usiokuwa na jina, kula hali, kulala halali. Baada ya matanga kwisha, binti yake Asha akaja kumchukua, akakae naye Mangapwani. Alipita kwangu kuaga. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kuaga kunavyohitaji. Nikamwambia, "Nenda salama, Nahodha." Akaenda.

Nilimwona tena mwaka jana. Binti yangu, aliyeolewa Chake Chake, alikuwa amejifungua, nami nilikuwa nakwenda kumtunza uzazini. Sikuwa nimevuka bahari ile tangu Khamis. Nilimeza kidonge cha kuzuia kichefuchefu, nikaingia ndani ya boti ya kasi na macho chini, nikatafuta kiti changu, na aliyekaa kiti cha pembeni ni Nahodha. Asha alikuwa upande wa pili, dirishani.

Alikuwa amepungua. Kanzu imemmeza, shingo imekuwa nyembamba. Nikamwamkia, akaniitikia, tukaulizana habari za watoto, za afya, za mvua. Asha akanieleza kwamba dada yake baba, huko Mkoani, yuko mahututi na anataka kumwona. Wamembembeleza wiki nzima mpaka amekubali kupanda. Kisha Asha naye dawa ikamshika, akalalia dirisha akasinzia.

Ndani mlikuwa na baridi. Televisheni ilikuwa ikionyesha filamu ya watu wanaofukuzana kwa magari, sauti juu. Madirisha hayafunguki. Nahodha alitazama mbele, mikono imeshika kiti. Tulipita Mangapwani, tukapita Tumbatu. Baada ya Nungwi boti ikaanza kuruka na kujipiga juu ya maji, na uso wake ukageuka rangi. Nikachomoa mfuko uliowekwa mbele ya kiti nikampa. Akatapika. Alitapika kama mtoto, kwa kushangaa, akajifuta kwa leso yake.

"Sijapata kutapika baharini," akasema. "Maisha yangu yote."

Nikamshikia mfuko. Sijui kwa nini nilichagua pale, mbele ya watu, na kelele zile. Labda kwa sababu ya pale tulipokuwa, alipozama Bi Mkubwa. Nikasema, "Nahodha, nnataka kukuuliza kitu."

"Uliza. Nshangoja sana uulize."

"Ulijua?"

Hakuniuliza nimekusudia nini.

"Bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu," akasema. "Si pahala pamoja. Tulitia saruji."

"Saruji?"

"Saruji, hii ya kujengea nyumba. Unaitandaza kwa ndani, inakauka, maji yanasita. Ikipasuka unatia nyengine."

"Tangu lini?"

"Zamani. Makame hajaanza kazi."

"Na wenye meli?"

"Niliwaambia mara ya kwanza. Wakaniuliza, inakwenda au haiendi? Nikasema inakwenda. Na ilikwenda, mwanangu. Hapo ndipo nilipopotea. Ingelizama safari ya pili, ningelikufa mie na watu wachache. Ilikwenda miaka."

Boti ikajipiga. Akafunga macho, akafungua.

"Makame alijua?"

"Makame ndiye aliyekuwa akiichanganya. Asubuhi ile alikuja kitandani kwangu akanambia ya upande wa kushoto imepasuka, baba, tusiende leo. Nikamwambia tia nyengine. Akanambia haitowahi kukauka." Akajifuta mdomo kwa leso. "Nikamwambia, unataka jina lako liwe hilo, la nahodha aliyeogopa safari yake ya kwanza? Akaondoka."

Kwenye televisheni gari liliwaka moto. Mtoto wa kiti cha nyuma akapiga makofi.

Nilikuwa na swali moja zaidi, na nilijua kwamba nikiliuliza sitoweza kulirudisha.

"Alikuja kabla yangu, au baada yangu?"

Nahodha alinitazama. Tangu tulipokaa hakuwa amenitazama usoni.

"Kabla," akasema. "Ulipopiga hodi alikuwa ndio kwanza anapinda kona."

Kisha tumbo likampanda tena, akainama, na mkono wangu ulikuwa bado umeshika mfuko. Ningeliweza kuuachia. Niliushika, na kwa mkono mwengine nikamshika bega asianguke mbele, maana boti ilikuwa ikirusha kweli, na bega lenyewe lilikuwa mfupa mtupu. Tukaenda hivyo, yeye akitapika maji matupu na mimi nimemshika, mpaka Mkoani ilipoonekana na bahari ikatulia.

Asha akaamka. Akaona mfuko, akaona mikono yangu, akaona haya. "Yarabi! Ahsante dada. Baba amekusumbua njia nzima?"

"Hajanisumbua," nikasema.

Akamwinua, akamvisha kofia yake, wakashuka polepole kwenye ngazi ya gatini, yeye akipapasa kila kidato kwa mguu kabla hajakanyaga. Mimi nilibaki kitini mpaka mfagiaji akaniambia tumefika, mama.

Wifi yake yule mgonjwa wa Mkoani, ambaye ni jirani wa binti yangu Chake Chake, alinipa habari zao baadaye. Dada alikufa siku ya tatu. Asha akamkatia baba yake tiketi ya kurudi, wakaenda gatini, akakataa kupanda. Wakarudi kesho yake, akakataa. Sasa anakaa huko katika nyumba ya marehemu, kwenye chumba cha uani kisicho na dirisha la baharini, na Asha humpelekea dawa kwa watu wanaosafiri. Anasema hatopanda tena chombo, kipya wala kikongwe. Binti yangu aliniuliza kama ningependa kumpitia kumjulia hali, kwani ni jirani yetu wa siku nyingi. Nikasema mtoto hajazoea kubaki bila mimi.

Arubaini ya mjukuu ilipotimia nikafunga mzigo wangu. Nyumba yangu iko Unguja, na ndege si ya watu kama mimi. Nikapanda boti ile ile, nikakaa kiti cha katikati, mbali na dirisha, nikafumba macho tangu gatini.